Alfajiri za Fundi Vioo

"Hakuna kitu, afande," mkemia alisema kwenye simu. "Nimepima damu, nimepima mkojo, nimepima matapishi, nimepima hata ile chai iliyobaki kwenye chupa. Huyo mtu hajalishwa sumu yoyote ninayoijua mimi."

"Na usiyoijua?"

Mkemia alicheka kidogo. "Hiyo niulize nikishaijua."

Inspekta alikata simu akabaki ameishika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye sauti ya chini ambayo watuhumiwa wengi waliidhania ni ya upole, wakaja kuzinduka wakiwa wameshamwaga kila kitu. Kazi yake aliifanya kwa imani moja tu: mtu mzima mwenye afya haanguki bila kusukumwa. Ukitafuta kwa makini, nyuma yake utaukuta mkono.

Katika shauri hili mkono ulikuwa umeshapatikana, umeshafungiwa rumande, na kesho asubuhi mwendesha mashtaka alitaka kuurudisha mahakamani kwa kosa la kujaribu kuua.

"Basi ni sumu isiyoacha alama," alisema Sajini, ambaye alikuwa amekaa kwenye kona ya meza kama kawaida yake, ingawa kiti kilikuwapo.

"Hakuna sumu ya namna hiyo."

"Kwenye sinema ipo."

"Kwenye sinema hata wewe ungekuwa mkuu wa polisi. Niletee yule mama aliyeko rumande."

Aliyekuwa akilishwa hiyo sumu, kama ilikuwapo, ni mkata vioo ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Vioo. Mwanamume wa miraba minne, aliyeweza kubeba kioo cha dirisha la duka peke yake huku akipiga mluzi. Lakini kwa miaka kadhaa sasa, kila baada ya majuma machache, alishikwa na kitu. Anaamka alfajiri anatapika. Anatapika chakula, kisha maji, kisha nyongo ya kijani, kisha hakuna kinachotoka lakini tumbo linaendelea kujikamua. Siku mbili tatu hivyo, dripu mkononi, macho yameingia ndani. Halafu ghafla kinaisha. Mtu anainuka, anaomba chakula, anarudi kazini kama aliyetoka safari.

Madaktari walikuwa wamesema vidonda vya tumbo. Wakasema malaria, wakasema homa ya matumbo, wakasema minyoo. Mmoja alisema ni mawazo. Walimpitisha mpira wenye kamera kooni wakaliona tumbo safi kama la mtoto. Ndipo dada yake mkubwa alipoingia kituoni, amekumbatia chupa ya tindikali aliyoitoa karakanani, ile inayotumika kuchorea maua kwenye vioo. Akaiweka juu ya meza ya Inspekta na maneno yake yakatoka yamepangwa. Nani mwingine anaingia karakana? Mkewe. Nani anampikia? Mkewe. Kaka yangu alikuwa mzima mpaka alipooa. Sasa ninyi mnataka niwaambie nini zaidi?

Yule mke aliingia akiwa amenyooka. Wiki ya tatu rumande ilikuwa imempunguza mwili, si mgongo.

"Kaa, dada," Inspekta alisema. "Mumeo huanza wakati gani?"

"Alfajiri. Kabla hakujapambazuka sawasawa."

"Anakuwa amekula nini?"

"Hajala kitu. Anaamka nacho."

"Na usiku wake?"

"Usiku anakuwa amekula tulichokula sote. Sufuria moja, mimi na yeye na mapacha."

"Kabla hajaanza, hakuna dalili yoyote?"

Mwanamke alimtazama kwa mara ya kwanza. "Anapiga miayo. Si miayo ya usingizi, afande. Rangi inamtoka usoni. Hataki taa. Nikisogeza kikombe ananiambia kinampigia kelele. Nikimwona hivyo nakimbilia kuweka maji jikoni, maana akishaanza hapati nafuu popote ila kwenye maji ya moto. Anakaa bafuni kwenye beseni mpaka ngozi ya vidole inajikunja."

"Mbona haya hukuyasema siku ile ya kwanza?"

"Mliniuliza nimempa nini. Hamkuniuliza yeye anakuwaje."

Sajini alikohoa, akaangalia dirishani.

"Na ile tindikali?"

"Ile tone moja likidondoka kwenye nguo linatoboa. Ningemnywesha, ulimi wake ungekuwa wapi leo?"

Inspekta jambo hilo alikuwa ameshaliona mwenyewe. Siku walipomkamata mke, alimwomba Fundi Vioo afungue mdomo, akammulika kwa tochi mpaka kooni. Hapakuwa na kovu wala kidonda. Alilinyamazia tu, kwa kuwa alidhani sumu yenyewe itajitokeza kwa mkemia.

Simu iliita tena. Safari hii alikuwa dada mtu, analia kiasi kwamba maneno yalikuwa yanakanyagana.

"Afande, kaanza! Kaanza tena alfajiri ya leo! Mume wangu amempeleka hospitali. Afande, kaka yangu anakufa!"

"Kaanzia wapi?"

"Hapa! Kwangu! Si mimi ndiye ninayekaa naye?"

Inspekta aliinua macho. Mke wa Fundi Vioo alikuwa amesikia. Mikono yake yote miwili ilikuwa imepanda mdomoni, na katika uso ule Inspekta alisoma jambo ambalo hakulitegemea. Hakuona ushindi wa mtu aliyekuwa akisema kweli muda wote. Aliona hofu ya mke.

"Mwambieni amwekee maji ya moto," alisema yule mama. "Tafadhali. Hao hawajui."

*

Garini Sajini alikuwa ameshabadilisha mtuhumiwa.

"Ni dada mtu. Karakana ni ya urithi wa baba yao. Anamfunga wifi, anamzika kaka, anabaki na vioo."

"Na kabla ya leo, kaka alipokuwa anaishi kwake na mkewe, huyu dada alikuwa anamlisha kwa njia gani? Kwa dua?"

Sajini akakaza macho barabarani mpaka wakafika.

Nyumba ya dada ilikuwa ya mtu asiyekaa kitako: sakafu inang'aa, sufuria zimepangwa kwa ukubwa, kila kopo na kifuniko chake. Mwenyewe walimkuta akifunga nguo za mgonjwa kwenye shuka. Alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana kama ya kaka yake, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Tangu ahamie hapa nani anapika?" Inspekta alimuuliza.

"Mimi."

"Nani mwingine anashika chakula chake?"

"Hakuna. Afande, mimi naonja. Kila kitu naonja kwanza, chai, mboga, maji ya kunywa. Naonja, nasubiri, nikiona sijafa ndiyo nampa." Alisema hivyo bila mzaha hata chembe. "Na jana usiku tumekula sahani moja. Nitazame. Nimesimama."

Inspekta alimtazama. Kweli alikuwa amesimama. Akazunguka jikoni, akanusa chombo cha maji, akafungua makopo, akampa Sajini sampuli chache kwa ajili ya utaratibu tu, kwa maana alikuwa ameshaanza kujua mkemia atasema nini.

"Jana alikuwaje? Alikuwa na huzuni? Ugomvi?"

"Huzuni? Jana alikuwa na furaha ya kupasuka! Ameitwa kuweka vioo vyote vya ukumbi mpya wa mikutano, kazi kubwa kuliko zote maishani mwake. Usiku kucha nilimsikia anageuka kitandani, anapiga hesabu za madirisha kwa sauti."

"Hakulala."

"Hakulala vizuri, hapana."

"Mara ile kabla ya hii, kulikuwa na nini?"

Dada alifikiri. "Mapacha walikuwa wanaanza shule. Yeye na mkewe walikuwa wamekesha wakishona sare."

"Na kabla ya hapo?"

"Harusi ya binamu yetu. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi. Hakufika hata ukumbini, maskini." Akasita. "Afande, unataka kuniambia nini?"

"Sijui bado. Nani mwingine yumo humu ndani?"

"Mama tu. Lakini leo hawezi kuonana na mtu. Kichwa chake kimemwanza."

Mguu wa Inspekta, uliokuwa umeshageukia mlango wa kutokea, ulibaki pale pale.

*

Chumba cha mama kilikuwa nyuma, na kilikuwa na giza la makusudi. Pazia zito, juu yake blanketi, na chini ya mlango taulo lililokunjwa kuziba mwanga. Bibi kizee alikuwa amelala chali, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu kiasi kwamba nyusi zilikuwa zimepanda juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sema chini. Chini kabisa."

Inspekta alichuchumaa kando ya kitanda. Sajini alibaki mlangoni, ameshikilia pumzi kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

"Unaumwa nini, mama?"

"Kipandauso. Nimezaliwa nacho. Kinashika upande mmoja huu, nyuma ya jicho, kama mtu anapigilia msumari. Mama yangu alikuwa nacho. Ukishikwa unataka giza, unataka kimya, unataka dunia nzima iondoke ikakae mbali."

"Unatapika?"

"Kidogo. Mwanangu ndiye wa kutapika."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mtoto." Alivuta pumzi. "Kukicha sikukuu, anatapika. Kukicha mtihani, anatapika. Tukikata tiketi ya kwenda kwa bibi yake, mimi nafungasha na beseni kabisa. Baba yake alisema ni woga. Alipobalehe ikaisha, tukasahau. Nani anakumbuka mambo ya watoto?"

"Binti yako alisema alikuwa mzima mpaka alipooa."

"Binti yangu alikuwa shule ya bweni miaka hiyo. Ataona wapi?" Bibi aligeuza kichwa taratibu, macho bado yamefumbwa. "Yule mke wa watu mmemwachia?"

"Bado."

"Nilimwambia. Anampenda sana ndugu yake, hasikii. Na mimi kichwa kikinishika siwezi kubishana na mtu, mwanangu. Siwezi hata kubishana na nzi."

Inspekta alibaki amechuchumaa pale gizani kwa muda. Kila kitu alichokuwa amekisikia tangu asubuhi kilianza kusogeleana chenyewe. Miayo, taa, kelele za kikombe, alfajiri isiyo na chakula. Furaha, mkesha, furaha nyingine. Mama, na mama yake mama. Hakujua jina la kitu hicho. Lakini kazi ilikuwa imemfunza kutambua mwendo wa mtu mmoja anayerudi nyumba ile ile kwa mlango ule ule, na hapa alikuwa anauona mwendo huo waziwazi. Kilichomsimamisha nywele ni kwamba huyu hakuwa na sababu ya kuingia kwa mlango wowote. Alikuwa anaishi humo humo ndani.

"Pole, mama," alinong'ona. "Nashukuru sana."

"Funga mlango polepole," alisema bibi.

*

Hospitalini walimkuta Fundi Vioo amejikunja ubavu, ameshika beseni kwa mikono yote miwili. Jitu lile lote lilikuwa limekuwa dogo. Tumbo lilijikamua, mwili ukaruka, hakikutoka chochote ila ute mwembamba wa njano. Akapumua mara mbili, likajikamua tena. Muuguzi alikuwa amemfunika macho kwa kitambaa kwa kuwa alikuwa akiomba taa izimwe. Dada yake, aliyekuja nao garini, alisimama miguuni pa kitanda na furushi lake, hajui pa kuliweka.

Daktari alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa miwani juu ya paji la uso na kuisahau huko. Alimvuta Inspekta pembeni kabla hajaulizwa.

"Mmekuja kuchukua damu nyingine? Chukueni. Safari hii mwambieni mkemia atafute vitu adimu."

"Daktari, tukiacha sumu," Inspekta alisema. "Tuseme neno hilo hukuwahi kuambiwa. Ungetafuta nini?"

"Lakini niliambiwa. Dada yake aliniambia, kisha ninyi mkaniambia. Ninyi mmeniletea sumu, nami nikatafuta sumu."

"Leo nakuletea kitu kingine."

Akamweleza, kwa sauti ile ile ya chini, kimoja kimoja. Kwamba huanza alfajiri, tumbo tupu. Kwamba kila shambulio ni pacha wa lililotangulia, na katikati mtu ni mzima kabisa. Miayo na weupe wa uso, mwanga na kelele. Maji ya moto. Kwamba kinamfuata nyuma ya furaha na usiku wa kukosa usingizi. Kwamba mkewe alikuwa rumande na bado kimekuja. Kwamba alikuwa hivyo utotoni. Na kwamba muda huu, nyumbani, mama yake amelala gizani na kitambaa kichwani.

Daktari alianza kusikiliza akiwa anaangalia saa. Alimaliza akiwa amekaa kwenye kiti cha muuguzi.

"Mama yake ana kipandauso," alirudia.

"Na bibi yake alikuwa nacho."

"Anavuta bangi? Maana wavutaji nao hutapika hivi, na kukimbilia maji ya moto."

"Mkemia ameipima. Hakuna. Na dada yake anaapa hajawahi."

Dada alitikisa kichwa kwa nguvu kutoka kule aliposimama.

Daktari aliivuta miwani ikashuka puani. "Upo ugonjwa," alisema, taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha mbali. "Kutapika kunakokuja kwa mizunguko. Tunaujua zaidi kwa watoto. Mtu mzima akiupata, anapita mikononi mwetu miaka na miaka, kila mmoja anampa jina lake, kwa sababu hakuna kipimo kinachouonyesha. Tumbo ni safi. Damu ni safi. Ugonjwa unaonekana kwenye mwendo wake tu, na mwendo lazima mtu akae ausimulie wote." Akamtazama mgonjwa. "Ni ndugu wa kipandauso. Wengine kinawashika kichwa. Huyu kinaanzia kichwani vilevile, lakini maumivu yanapiga tumboni."

"Kina dawa?"

"Zipo dawa za kipandauso. Si kila mtu zinamsaidia, na zinafanya kazi vizuri zaidi zikiwahi, naye ameshachelewa masaa. Nisikudanganye, afande. Zikikataa haitakuwa na maana kwamba umekosea. Zikikubali, hiyo peke yake si ushahidi."

"Ushahidi niachie mimi. Wewe mtibu."

Daktari hakukimbilia sindano. Alipima presha kwanza. Akaamuru kipimo cha moyo, nyaya zikabandikwa kwenye kile kifua kipana, karatasi ikatoka na milima yake midogo, akaisoma yote. Akamuuliza dada kama kuna mtu katika ukoo aliyekufa ghafla kwa moyo, au kupooza. Dawa hii inabana mishipa, alieleza, haipewi kila anayeitaka. Aliporidhika ndipo akachukua sindano ndogo, fupi kuliko kidole, akaichoma chini ya ngozi ya mkono.

"Hiyo tu?" Sajini aliuliza.

"Hiyo tu. Zimeni taa. Fungeni pazia. Asiongee mtu."

Wakasimama.

Inspekta alikuwa ameshasimama juu ya maiti, amesimama milangoni akisubiri majambazi watoke, lakini hakukumbuka kusubiri kulikokuwa kurefu namna hii. Katika giza lile walisikia tumbo likijikamua, kitanda kikilia. Pumzi. Tena. Pumzi. Dada alikuwa anahesabu kwa midomo bila sauti. Tena. Kisha pumzi ikawa ndefu kidogo. Akajikamua, lakini bila nguvu, kama injini iliyokatiwa mafuta. Kisha pumzi. Kisha pumzi nyingine. Inspekta alijikuta anasubiri kwa mwili mzima tumbo lijikamue tena, na halikujikamua.

Mikono ya Fundi Vioo ililegea kwenye beseni. Muuguzi akaliwahi kabla halijaanguka.

Hakuna aliyethubutu kusogea. Miaka yote ile, dripu zote zile, viapo na tuhuma na mwanamke nyuma ya nondo, vimesimamishwa na kitone cha dawa ya kichwa.

"Kimezimika," mgonjwa alisema. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika, na ndani yake mlikuwa na mshangao wa mtoto. "Dada, kimezimika. Hakijawahi kuzimika chenyewe namna hii."

Dada yake aliweka furushi sakafuni, akaketi juu yake, akajifunika uso.

Daktari alikuwa ameshika kitanda kwa mkono mmoja. "Nimeshasoma habari hizi," alimwambia Inspekta kwa sauti ndogo. "Sikuwahi kuziona." Macho yake yalikuwa yanameta, wala hakuyaficha.

*

Kumtoa mtu rumande huchukua muda kuliko kumwingiza. Daktari alizungumza mwenyewe na mwendesha mashtaka. Inspekta akaongeza majibu ya mkemia, mdomo usio na kovu, na shambulio lililokuja mtuhumiwa akiwa nyuma ya nondo. Mwendesha mashtaka aliuliza swali moja tu: kama si mke, ni nani? Inspekta akamjibu kwamba hakuna. Ilimchukua mara mbili kulisema neno hilo, kwa kuwa hakuwa amezoea kulitamka.

Alasiri mke aliingia wodini. Mumewe alikuwa amelala na kuamka, amekunywa maji na yametulia. Walitazamana.

"Sikukutetea," mume alisema. "Walinijaza maneno, nikaanza kuiangalia chai yako. Nisamehe."

"Nilikuona ukiiangalia," alisema mke. Alimgusa paji la uso kwa nyuma ya kiganja, kama anayepima joto, akauondoa mkono.

Daktari alieleza. Kila usiku kidonge kimoja cha kuzuia. Na hiki hapa, kichupa cha kupulizia puani, dawa ile ile ya sindano. Apuliziwe mara tu dalili zinapoanza, kabla hajafika kwenye beseni. Lazima awepo mtu wa kuziona dalili, maana mwenyewe anakuwa hajitambui vizuri.

"Anayeziona ni yule pale," Fundi Vioo alisema.

Kichupa kilinyooshwa kwa mke. Hakukipokea.

"Mimi?" alisema. "Nimpe dawa mimi? Kwa mkono huu?" Hakupandisha sauti. "Siku akitapika tena, mtakuja kunichukua saa ngapi?"

Inspekta, ambaye swali lilimhusu, aliinamisha macho. Ndipo dada mtu alipoinuka. Alitembea mpaka mbele ya wifi yake, mabega yote yale yameshuka.

"Nilikufanyia ubaya, wifi. Nilitafuta mtu wa kumchukia kwa sababu ugonjwa hauna uso. Nikupigie magoti?"

"Usinipigie magoti. Sakafu ya hospitali chafu."

Ulikuwa mzaha au haukuwa, hakuna aliyejua, lakini dada alitoa sauti iliyokuwa nusu kilio nusu kicheko. Mke alimwangalia kwa muda mrefu. Kisha akakichukua kile kichupa kutoka kwa daktari, akamshika wifi yake kifundo cha mkono, akamvutia karibu na kitanda.

"Njoo. Tuonyeshwe sote wawili. Na shahidi ni afande huyu."

Daktari akawaonyesha: kichwa kiwe hivi, tundu moja, bonyeza mara moja, usirudie mpaka uulize. Wakarudia mbele yake, kwanza mmoja, kisha mwingine, vichwa vyao vimekaribiana juu ya yule mtu mkubwa aliyelala, ambaye alikuwa akiwatazama wote wawili kwa zamu na machozi yanamwingia masikioni.

*

Inspekta mwenyewe alimpeleka mke wa Fundi Vioo nyumbani kwa jirani walikohifadhiwa mapacha. Sajini aliendesha, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mtuhumiwa. Mke alikaa nyuma, akiangalia maduka yakipita kama mtu anayehakikisha kwamba bado yapo.

"Afande," alisema baada ya muda. "Lile jambo, daktari anasema linakaa wapi hasa?"

"Kichwani. Linaanzia kichwani."

"Kichwani." Alilitafuna neno hilo. "Ajabu."

Kisha akasema, bila kumwangalia yeyote:

"Mimi nilitupa sufuria zote. Wifi hajui, mume hajui. Nilibadilisha mafuta, nikabadilisha chumvi, nikahama bomba la maji. Mwisho nikawa nanawa mikono mpaka inatoka damu kabla ya kushika unga. Mliponikamata, afande, usiku ule wa kwanza nililala. Nilijiambia, kama ni mimi, basi sasa atapona."

Gari lilisimama. Mlango wa jirani ulikuwa wazi, na mapacha walikuwa wameshaona. Walikuja mbio, viatu mkononi. Mama yao alishuka, akapiga magoti kwenye vumbi, akaikunjua mbele yao ile mikono yake yote miwili.